Kesi ya Mtungi na Somo la Tafsiri
Tunaambiwa tafsiri nzuri haibadilishi kitu. Ni kweli? Katika Der zerbrochne Krug, yaani Mtungi Uliovunjika, komedi ya Mjerumani Heinrich von Kleist, hakimu Adam wa kijiji cha Uholanzi anasikiliza kesi ya kosa alilolitenda mwenyewe. Mwaka 1808 Goethe aliiweka jukwaani Weimar. Mchezo wa mkupuo mmoja akaugawa sehemu tatu. Kasi ikafa, mchezo ukadoda. Na lugha ilikuwa ile ile ya Kleist! Mwaka 1994 John Banville aliuandika upya kwa Kiingereza, akauhamishia Ireland ya njaa ya 1846. Sasa hakimu mwongo anahukumu wenye njaa: kicheko kinauma. Basi mtafsiri, kabla ya kamusi, jiulize: hapa kwetu, hakimu huyu anamuumiza nani?