Kuhudhuria si Kukubali: Sauti ya Mwananchi Katika Miradi ya Mikopo ya Kimataifa

Madhumuni ya somo: Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza haki yake ya kushirikishwa, kuomba habari za mradi kwa maandishi, na kufuata ngazi za malalamiko pale asiposikilizwa.

1. Kwa nini jambo hili linamhusu mtumiaji

Watumiaji wengi wa umeme, maji na barabara hudhani kwamba haki zao huanza siku wanapolipia huduma. Katika miradi inayogharamiwa na mikopo ya kimataifa, haki hizo huanza mapema zaidi, mradi unapoanza kupangwa. Mkopo hulipwa kwa kodi ya wananchi, na pengine kwa bei ya huduma yenyewe. Aidha, wapo wanaotakiwa kutoa ardhi, malisho na makazi yao ili mradi upite. Anayelipa gharama ana haki ya kuuliza na kujibiwa kabla uamuzi haujapitishwa.

2. Msingi wa haki hiyo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 10, inautaja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 201 kinautaka katika masuala ya fedha za umma. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 46 kinalinda haki za watumiaji wa bidhaa na huduma.

Wakopeshaji nao wana masharti yao. Mfumo wa Mazingira na Jamii wa Benki ya Dunia, ulioanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2018, unamtaka mkopaji aandae mpango wa kuwashirikisha wadau, aeneze habari za mradi kwa lugha na njia wanazozielewa, na aweke utaratibu wa kupokea malalamiko.

3. Funzo kutoka Olkaria

Mnamo Agosti 2014, kaya za Wamaasai kutoka vijiji vinne karibu na Naivasha zilihamishiwa makazi mapya ili kupisha kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini cha Olkaria IV. Miongoni mwa wafadhili wa mradi walikuwamo Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mikutano ilikuwa imefanyika, na kamati ya uhamishaji yenye wawakilishi wa wanavijiji ilikuwa imeundwa. Hata hivyo, mwaka huohuo baadhi ya waliohamishwa walipeleka malalamiko kwa benki zote mbili.

Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza na kutoa ripoti mwaka 2015. Lilibaini kasoro katika namna Benki ilivyosimamia masharti yake, zikiwamo zilizohusu mashauriano: lugha ya Kimaa haikutumika ipasavyo, na nafasi ya wazee katika kufanya maamuzi haikuzingatiwa vya kutosha. Baadaye yalifanyika mazungumzo ya upatanishi kati ya jamii na kampuni ya umeme, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2016.

Kisa hiki kinaonyesha mambo mawili. Mosi, wingi wa mikutano hauthibitishi kwamba watu wameelewa na kukubali. Pili, malalamiko yaliyowekwa kwenye maandishi na kupelekwa mahali panapostahili yanaweza kufungua mlango wa mazungumzo hata baada ya watu kuhamishwa. Lakini kuirekebisha nyumba iliyokwisha kujengwa ni kazi ngumu kuliko kuusahihisha mchoro wake.

4. Hatua za kufuata

*Kabla ya mkutano.* Omba muhtasari wa mradi, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na mpango wa fidia ikiwa upo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa husika kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Afisa anapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Asipofanya hivyo, mlalamishi anaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

*Katika mkutano.* Dai mkalimani ikiwa lugha inayotumiwa haieleweki. Uliza nani atapoteza nini, atalipwa lini, na nani atajibu malalamiko. Kabla ya kutia sahihi, soma kichwa cha karatasi: je, ni orodha ya waliohudhuria au ni hati ya kukubali? Hakikisha pingamizi lako limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano, kisha uombe nakala.

*Usiposikilizwa.* Anza na dawati la malalamiko la mradi, kisha taasisi inayoutekeleza, kisha ofisi ya mfadhili. Kwa miradi ya serikali inayogharamiwa na Benki ya Dunia, ngazi inayofuata ni Jopo la Ukaguzi, lililoundwa mwaka 1993. Watu wawili au zaidi walioathirika, au wanaohofia kuathirika, wanaweza kulalamika pamoja na kuomba majina yao yafichwe. Ni lazima waonyeshe kwamba walikwisha kuwasilisha tatizo lao kwa Benki yenyewe. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina chombo chake huru cha kupokea malalamiko.

Katika kila ngazi, weka nakala ya barua, tarehe uliyoiwasilisha, na jina la ofisi iliyoipokea.

5. Maswali ya kujipima

1. Ni mradi gani wa mkopo unaoendelea katika eneo lako, na mfadhili wake ni nani?
2. Dawati la malalamiko la mradi huo liko wapi?
3. Katika mkutano wa mwisho uliouhudhuria, ulitia sahihi karatasi gani?

Msomaji asiye na jibu la swali lolote kati ya haya na aanze na hatua ya kwanza: kuandika barua ya kuomba habari.