SOMO: Volontere akirudia kwao, nani atashuhudia kazi yake?



Siku volontere anafika, tunazungumuza mingi: atalala wapi, atakula nini, atatufundisha nini. Siku anaenda, tunamuimbia, tunamupa kuku ao kitenge, na habari inaishia pale. Katika somo hili tutaona mambo yanayomungojea kwao na namna koperative inaweza kumusaidia kupata kazi. Kisha tutaona namna mambo hayo yanatufaa sisi wenyewe, juu ya watoto wetu wenye kurudia kutoka kazi ao mafunzo ya mbali.

1. Shida ya mwenye kurudia

Tuchukue mufano wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani lililoanza mwaka wa 1961. Hapa kwetu, wakati inchi iliitwa Zaire, mavolontere wake walitumika tangu 1970 mpaka 1991. Wamoja kati yao walifundisha wakulima kuchimba mabwawa na kufuga samaki tilapia. Kijana alikuja kwa miaka mbili hivi, akajifunza luga, akapanda piki-piki kutoka kijiji mpaka kijiji, akaonyesha namna ya kupitisha maji na kutia majani ya kuoza ili samaki wapate chakula.

Kisha anarudia kwao. Rafiki zake wa shule wamekwisha kuzoea kazi zao na kupanda cheo. Yeye anaanza kutafuta. Mukubwa wa kazi anamuuliza: "Miaka hii mbili ulikuwa unafanya nini?" Akijibu tu, "Nilisaidia wakulima Afrika," ule mukubwa anaweza kufikiri alikuwa katika matembezi. Bwawa haliko mbele ya macho yake, na mukulima wa kuuliza haiko. Kazi ilifanyika kweli, lakini ushahidi wake umebakia huku kwetu.

2. Misaada anayopewa

Peace Corps ilipanga mambo ine:

a) Pesa ya kuanza tena maisha. Kila mwezi wa utumishi, pesa kidogo inawekwa pembeni kwa jina la volontere. Sheria ya 1961 iliruhusu mpaka dola 75 kwa mwezi. Leo, mwenye kumaliza miaka mbili anapata zaidi ya dola 10,000. Wanamemba wamoja wanasikia hivi na wanasema: "Kumbe anajitolea na analipwa!" Tuelewe vizuri. Ule mutu anarudia bila kazi na mara mingi bila nyumba, katika inchi yenye kodi kali. Pesa hiyo ni ya kumusimamisha wakati anatafuta kazi.

b) Mulango wa kazi ya serikali. Mwaka wa 1963, Prezida Kennedy alitia sahihi amri moja: ofisi za serikali zinaweza kuandika volontere aliyemaliza vizuri bila kumupitisha katika mashindano ya watu wote. Ni ruhusa ya muda tu. Tena haimupi kazi: sherti awe na uwezo wa kazi ile.

c) Masomo. Tangu 1985, iliyoanzia kwenye chuo cha walimu cha Columbia University, New York, kuna mupango wa kuwapunguzia mavolontere waliorudia pesa ya masomo makubwa. Wale wa kwanza walifundisha katika masomo ya serikali ya muji ule huku wakisoma.

d) Karata ya kazi. Mbele ya kuondoka, volontere anaandika pamoja na ofisi yake karata yenye kueleza kazi yote aliyofanya, na mukubwa wa shirika katika inchi anatia sahihi. Bila karata hiyo, misaada ingine inakosa nguvu.

Japani nayo inatuma mavolontere tangu 1965. Kule, wamoja wanaondoka kwa ruhusa ya mwenye kuwatumikisha, na nafasi yao inalindwa mpaka warudie. Huo pia ni musaada mukubwa.

3. Kazi ya koperative

Angalieni: ofisi ya shirika iko mbali, mara mingi katika muji mukubwa. Wenye kuona kazi kila siku ni sisi. Kwa hiyo karata ya kazi itakuwa na nguvu kama sisi tunatoa hesabu ya kweli, na tena tunaandika barua yetu wenyewe.

Hizi ni mifano mbili za barua. Ni mifano tu.

Barua ya kwanza: "Alikuwa kijana muzuri, alitusaidia sana, tunamushukuru, Mungu amubariki."

Barua ya pili: "Alifundisha familia 12 kuchimba mabwawa. Familia 9 zingali zinafuga. Alifundisha sekretere wetu kuandika daftari ya mavuno, na leo anaiandika mwenyewe. Wakati watu wa juu na wa chini waligombania maji, alikaa nao mara tatu mpaka wakapatana siku za zamu."

Barua ya kwanza inafurahisha moyo. Barua ya pili inatoa kazi. Mwenye kuisoma, hata kama hajui samaki, anaona mutu anayefundisha, anayepanga hesabu, anayepatanisha. Uwezo huo unatafutwa kila pahali.

Barua isitiwe uongo. Kama mabwawa matatu yalikauka, muandike tisa, musiandike kumi na mbili. Na muandike mbele ya volontere kuondoka, wakati daftari na wenye kukumbuka wangali karibu. Prezida na sekretere watie sahihi, muhuri uwekwe, na kopi ibakie kwenye koperative. Kopi hiyo itatufaa sisi pia: volontere mwengine akija, ataona kazi ilifika wapi.

4. Na watoto wetu?

Koperative inatuma kijana mwezi moja ao miezi sita kujifunza ufugaji wa nyuki, ao kukausha kahawa, pengine mpaka Uganda ao Rwanda. Wengine wanaingia kati ya mavolontere wa Umoja wa Mataifa, wenye kupokea pia watu wa inchi yetu. Siku anarudia, tunamusalimia, na hakuna anayemuuliza kitu. Kisha miezi michache anaenda kwenye machimbo ya zahabu ao muji, na ujuzi tuliolipia unaenda naye.

Haiombi dola elfu kumi ili kuzuia hasara hiyo. Inaomba mambo ine:

- Mbele ya safari: komite na kijana waandikiane atarudia kufanya kazi gani.
- Wakati haiko: nafasi yake, ao kipande chake cha shamba, ilindwe. Na kama koperative inaweza, pesa kidogo iwekwe pembeni kila mwezi kwa jina lake.
- Mwezi wa kwanza wa kurudia: apewe mukutano muzima wa kufundisha wengine.
- Aandikiwe barua ya kazi kama ile ya pili, hata kama siku moja itamusaidia kupata kazi fasi ingine. Mutu anayejua kwamba kazi yake inaandikwa anatumika vizuri, na hata akienda, hatatusahau.

5. Maulizo ya kuzungumuza katika vikundi

- Ni nani wa mwisho aliyetutumikia kisha akaenda? Tulimupa barua gani?
- Kati ya wanamemba wetu, nani alienda kujifunza mbali? Ule ujuzi unatumika leo ao umelala?
- Kama barua inaombwa kesho, daftari zetu ziko na hesabu ya kutosha ya kuiandika?

Kazi ya nyumbani: sekretere achague mutu moja aliyetumikia koperative na aandike kazi yake katika mistari kumi, yenye hesabu. Muisome katika mukutano unaofuata, na wenye kuona kazi ile waisahihishe.