Mtoto Mdogo Wakati wa Palizi



Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida na Iringa, mvua huanza Novemba au Desemba. Huendelea mpaka Aprili. Hiyo ndiyo miezi ya jembe. Watu hulima, hupanda na kupalilia. Wazazi huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni wakiwa wamechoka.

Miezi hiyo hiyo chakula hupungua ghalani. Malaria na kuhara huongezeka. Ndiyo sababu watoto wengi wa mwaka mmoja hadi mitatu hukonda wakati mahindi yanastawi shambani.

Shamba lisipopaliliwa, nyumba nzima italala njaa. Mtoto asipolishwa, atadhoofika kabla ya mavuno. Yote mawili ni kazi ya lazima. Leo tujifunze jinsi ya kuzifanya pamoja.

TUMBO LA MTOTO NI DOGO

Mtu mzima anaweza kula asubuhi na kungoja mpaka jioni. Mtoto mdogo hawezi. Tumbo lake ni dogo, lakini mwili wake unakua haraka. Hata akishiba, njaa hurudi upesi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kula mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 hadi miaka 2, anahitaji kula mara 3 au 4. Zaidi ya hayo, apewe kitu kidogo katikati, mara 1 au 2. Aendelee kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi.

TUHESABU PAMOJA

Tuchukue mfano wa nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Baba na mama wanakwenda shambani saa 12 asubuhi. Mtoto bado amelala. Anaachwa na dada yake wa miaka 8. Uji uko kwenye sufuria.

Saa 3 mtoto anakunywa uji kidogo. Dada naye ana njaa, anakunywa uliobaki. Mchana hakuna kitu. Wazazi wanarudi saa 12 jioni. Mama anachota maji, anatafuta kuni, anasonga ugali. Chakula kinaiva saa 2 usiku. Mtoto amekwisha lala.

Je, mtoto huyu amekula mara ngapi? Mara moja tu. Hakuna aliyemnyima chakula. Chakula kilikuwapo, lakini siku yake haikupangwa.

TUPANGE SIKU YA MTOTO

Saa 12 asubuhi: Mwamshe mtoto, anyonye na anywe uji kabla hujaondoka.

Saa 4: Apewe ndizi mbivu, papai au kiazi kitamu kilichochemshwa.

Saa 7 mchana: Apewe ugali laini na maharage, kunde au dagaa waliopondwa, pamoja na mboga za majani.

Saa 10: Apewe yai lililochemshwa, maziwa au togwa.

Saa 12 jioni: Mpikie kwanza mtoto katika sufuria ndogo. Ale kabla ya kulala. Usingoje ugali wa wote.

Chakula kilichopikwa kisikae muda mrefu kwenye joto, kwa kuwa vijidudu huzaliana haraka. Kama kuna chupa ya chai, weka humo uji wa moto. Mwenye kumlisha mtoto anawe mikono kwa sabuni.

UJI WENYE NGUVU

Uji mwepesi ni maji mengi na unga kidogo. Hujaza tumbo, lakini hautii nguvu. Pika uji mzito. Tia karanga zilizosagwa, maziwa au kijiko cha mafuta. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, zinaweza kumpalia. Tupa karanga na mahindi yenye ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu katika chakula.

Kama mtoto hawezi kumeza uji mzito, tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi kwa usiku mmoja, uache uchipue, uanike juani, ondoa vimizizi, kisha usage. Uji mzito ukipoa kidogo, tia kijiko cha kimea na ukoroge. Uji utalainika bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke tena, kisha upoze na umpe mtoto.

NANI ABAKI NA MTOTO?

Mtoto wa miaka 8 hawezi kuwa mlezi wa siku nzima. Naye anahitaji kula na kwenda shule. Nyumba 4 au 5 za jirani zinaweza kupatana. Mtu mzima mmoja abaki na watoto wote, kila nyumba ilete unga na mboga. Wengine wampalilie shamba lake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianza katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Wanakijiji walipima uzito wa watoto na kujadili matokeo. Vilianzishwa pia vituo vya kulisha watoto wakati wazazi wako shambani. Utapiamlo mkali ulipungua.

Baba naye ana sehemu yake. Akichota maji au kuleta kuni jioni, chakula cha mtoto kitaiva mapema.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto kupimwa kila mwezi, hata wakati wa palizi. Mhudumu wa afya akipima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na kupata chini ya sentimita 12.5, mtoto amepungukiwa lishe. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa.

Mtoto akihara, changanya pakiti ya dawa ya chumvichumvi na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mnyweshe kidogo kidogo. Aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki.

Mkimbize zahanati mara moja akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea na kulala mno, akihara damu au akivimba miguu. Usiseme, "Ngoja nimalize mistari hii miwili." Magugu yatakungoja mpaka kesho. Mtoto mgonjwa hawezi kungoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtoto mdogo hawezi kula mara mbili tu kwa siku?
2. Jana mtoto wako alikula mara ngapi? Hesabu.
3. Kimea cha ulezi hutengenezwaje?
4. Ni nyumba zipi za jirani mnazoweza kupatana nazo kulea watoto msimu huu? Nani atabaki nao kesho?