SOMO: NI NINI KITUSUKUMACHO?

Tukisoma 1 Wakorintho 13:3 twashtuka kidogo. Mtume Paulo atwambia kwamba mtu aweza kugawa mali yake yote, hata kuutoa mwili wake, na bado isimfae kitu. Basi Mungu haangalii ukubwa wa sadaka peke yake, huangalia na kilichomsukuma mtoaji.

Na hapo ndipo penye shida yetu. Siku ya mavuno twaleta debe la mahindi mbele ya madhabahu, huku jicho moja likimtazama jirani ameleta nini. Twafagia kanisa, lakini jina letu likisahauliwa katika matangazo twanuna mpaka Jumapili nyingine. (Wala sisi tunaoandika somo hili hatujitoi katika hilo!)

Tumtazame Kanoni Apolo Kivebulaya, mtu wa Buganda, aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, akiwa mwalimu tu, alivuka kwenda Mboga, mahali ambapo leo pamo katika nchi ya Kongo. Chifu Tabaro hakumtaka. Watu walikatazwa kumpa chakula, naye alipigwa. Kisha dada yake chifu akafa kwa ajali ya mkuki. Apolo akasingiziwa, akafungwa gerezani.

Huko kifungoni angeweza kusema, "Nimefanya ya kutosha, narudi kwetu." Nani angemlaumu? Lakini baadaye alisimulia kwamba Kristo alimtokea, aking'aa kama jua, akamtia moyo na kumwahidi kuwa pamoja naye. Tuangalie vizuri: hakuahidiwa cheo, wala hakuambiwa kwamba taabu imekwisha. Alipewa Bwana mwenyewe, na hilo likamtosha. Alipofunguliwa alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Hata Tabaro, aliyemtesa, alibatizwa akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903 na kanoni mwaka 1922, lakini hakutafuta kustarehe mjini. Alikuwa amekwisha kuwa mzee alipoingia msituni kuwahubiria Wambuti, akajifunza lugha yao. Mtu anayefuata sifa haendi msituni, maana huko hakuna wa kumsifu.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Yasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha.

Juma hili, katika mikutano yetu ya nyumbani, tusome 2 Wakorintho 5:14-15 polepole, mara mbili. Kisha tunyamaze, na kila mmoja ajiulize moyoni kabla ya kusema lolote: kama jina langu lisingetajwa tena kanisani, ni kazi gani ningeendelea kuifanya?