Somo la Wafanyakazi: Betri ya Sola Hufa kwa Njaa



Wengi wetu tumenunua paneli za sola na betri. Wengine tunaishi kwenye mashamba ambako nyaya za umeme hazijafika. Wengine tuko mjini, ambako umeme upo lakini hukatika. Hatujasahau mgao wa mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ya Jinja ikazalisha umeme mchache. Betri hununuliwa kwa jasho. Ikifa kabla ya wakati wake, ni mshahara uliotupwa. Kwa hiyo somo letu la leo ni jinsi ya kuitunza.

Tuchukue mfano wa mwenzetu wa kiwandani aliyepanga chumba Wandegeya, Kampala, chini ya kilima cha Makerere. Jioni mkewe hukaanga chapati mlangoni kwa mwanga wa taa ya sola. Wana paneli ya wati 50, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50. Mwaka haukuisha, betri ikafa. Mume akamlaumu fundi, mke akalaumu mvua. Sisi tupige hesabu.

Mapato: Tuseme jua zuri ni saa 5 kwa siku. Wati 50 mara saa 5 ni wati-saa 250. Lakini joto, vumbi, waya na betri yenyewe hula karibu theluthi moja. Zinabaki kama 170.

Matumizi: Taa 3 za wati 5 kwa saa 5 ni 75. Redio ya wati 5 kwa saa 4 ni 20. Kuchaji simu mbili ni 20. Jumla ni 115, na akiba inabaki. Kisha ikaja televisheni ya wati 40, saa 4 kila usiku: hiyo peke yake ni 160. Jumla sasa ni 275. Kila siku betri inadaiwa 105.

Betri hiyo ikijaa ina wati-saa 600 (volti 12 mara ampea-saa 50). Tusitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Kwa deni la 105 kila siku, siku ya tatu nusu imekwisha pitwa. Betri ya risasi na asidi ikikaa na njaa, ukoko mgumu hujijenga juu ya bamba zake, nayo haikubali tena kujaa. Basi si fundi aliyeiua, wala si mvua. Ni matumizi kuzidi mapato.

Tufanye nini?

1. Tupige hesabu kabla ya kununua kifaa kipya. Tukitaka televisheni, kwanza tuongeze paneli.

2. Tupime betri asubuhi mapema, kabla ya jua, vifaa vyote vikiwa vimezimwa. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. Volti 12.2, iko karibu nusu: usiku huo tuwashe taa moja tu.

3. Paneli isipigwe na kivuli cha mti wala cha ghorofa ya jirani. Kivuli kidogo hupunguza umeme mwingi. Tuipe mwinamo kidogo ili mvua ioshe vumbi.

4. Tusiunganishe paneli na betri bila kontrola. Hiyo huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Nyingi pia hukata umeme betri inapokaribia kwisha. Tusiikwepe kwa waya wa pembeni.

5. Betri yenye vifuniko tuiongeze maji safi ya betri, si ya bomba wala asidi. Ikae penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa kuwa gesi yake hulipuka.

6. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini, si kulisha taa usiku kucha. Rahisi yake ni ghali.

Sheria ni hiyohiyo kwa mvuvi mwenye taa ya betri ziwani na kwa kibarua kwenye mashamba ya miwa: kilichotolewa usiku lazima kirudishwe mchana.

Maswali ya kujadiliana tawini:

(a) Nyumbani kwako matumizi ni wati-saa ngapi kwa siku?

(b) Je, wenzetu wa tawi moja wanaweza kuchanga wanunue kipimo kimoja cha volti, kizunguke nyumba kwa nyumba?

Umoja ni nguvu.