Somo la Mavuno: Gunia Moja Lenye Unyevu katika Ghala la Wote

Wahenga walisema akiba haiozi. Kauli hiyo haiyahusu mahindi yaliyoingizwa ghalani kabla ya kukauka. Wakati huu ambapo mashamba ya pamoja ya vijiji vyetu yanavunwa, somo letu linahusu siku chache zilizo kati ya shamba na ghala. Siku hizo ndizo huamua kama jasho la msimu mzima litakuwa chakula au sumu.

Kila zao na wakati wake

Mkoa wa Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, zinazoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Kwa kawaida karanga hutangulia kuvunwa, mahindi hufuata, na mtama na alizeti huhitimisha msimu. Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Mmea wenyewe hutoa ishara. Ng'oa mashina machache ya karanga na upasue maganda: yakiwa na weusi upande wa ndani, zimekomaa. Pukuchua punje za mahindi na utazame kitako chake: doa jeusi huonyesha kuwa punje imekoma kukua. Alizeti iliyo tayari hugeuka rangi ya manjano na kahawia mgongoni mwa kichwa chake.

Kuchelewesha mavuno ni kukaribisha wadudu na ukungu. Karanga zilizopatwa na ukame mwishoni mwa msimu zinahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu huweza kushambuliwa na ukungu zikiwa bado ardhini.

Sumukuvu ni nini?

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na baadhi ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, karanga na mbegu za mafuta. Haina harufu wala ladha ya kuitambulisha, na punje inayoonekana safi huweza kuwa nayo. Kupika hakuiondoi. Ikiliwa kwa wingi huharibu ini kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2016 mlipuko wa ugonjwa utokanao na sumukuvu ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Miaka 12 kabla yake, yaani 2004, zaidi ya watu 100 walifariki mashariki mwa Kenya kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua za kufuata

Kwanza, anikeni mazao juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, na yafunikwe jioni kabla ya umande.

Pili, chagueni na kutenga punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu. Zisilishwe mifugo, kwani sumu hudhuru kuku na hupita katika maziwa ya ng'ombe.

Tatu, msilowanishe karanga ili zimenyeke kwa urahisi. Maji hayo hufuta kazi yote ya jua.

Nne, pimeni ukavu. Tia mahindi katika chupa ya kioo iliyo kavu hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, msiharakie kufunga magunia: kiwango salama kwa mahindi ni asilimia 13.5 au chini yake. Endeleeni kuanika, na mwombeni afisa ugani athibitishe kwa kipima unyevu.

Tano, pangeni magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa, lakini haikaushi nafaka. Kilichoingia na unyevu hubaki na unyevu.

Wajibu wa kila mwanachama

Nyumbani, anayehifadhi vibaya hudhuru kaya yake. Katika ghala la pamoja, gunia moja lenye unyevu hueneza joto, wadudu na ukungu kwa magunia ya jirani, na uji wa watoto shuleni huweza kutoka katika gunia hilo hilo. Kwa hiyo kupima gunia la mwenzako mlangoni kusichukuliwe kuwa ni kumshuku. Apimwe mwenyekiti, apimwe mjane, apimwe mwanachama mpya. Kipimo kiwe kimoja. Asiye na turubai aazimwe, ili umaskini usiwe sababu ya kuingiza mahindi mabichi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani atapima kila gunia, na matokeo yataandikwa wapi?
2. Gunia likikataliwa, mwenye nalo atasaidiwaje kulikausha?
3. Punje zilizotengwa zitateketezwa vipi ili zisirudi sokoni wala jikoni?