Sumu Isiyonuka: Ghalani, Jikoni, Dumuni
Kijitabu kwa kaya za Morogoro na milima ya Uluguru

Mahindi yaliyovunda hayahitaji kijitabu. Mama akitia mkono guniani akakuta joto na harufu ya uvundo, anayamwaga bila kumuuliza mtu. Sisi tunazungumzia yanayopita mikononi mwake bila kumshtua: punje nyeupe, mkaa ulioshika moto hadi moshi ukaisha, dumu lililosuuzwa likang'aa. Vyote vinaonekana safi.

Ghalani

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza. Wachunguzi waliikuta sumu kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Ndiyo hiyo leo tunaiita sumukuvu, na hutengenezwa na aina fulani za ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 ilipiga mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui: watu 317 waliugua, 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Dodoma ni jirani yetu, na gunia la mahindi halisimami mpakani.

Hao ni waliokula nyingi kwa mara moja. Wengi wetu tunakula kidogo kidogo, miaka na miaka, na madhara yake hayana kelele: watoto wanaoila wameonekana kudumaa, na kwa mtu mzima inalenga ini hadi kuleta saratani, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini B. Kwa hiyo chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, 10 na 14, ambayo ndani yake mna kinga ya homa hiyo, isiahirishwe kwa sababu njia ina utelezi.

Moto wa jiko hauiwezi sumukuvu. Makande yachemke tangu asubuhi, sumu imo. Kazi yote iko kabla ya chungu: kukausha na kuchambua. Upande wa mashariki wa Uluguru, kule Kinole na Matombo, mvua ni nyingi kuliko upande wa magharibi, na jua la kuanikia ni la kuvizia. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Usipukuchue mahindi mabichi ukayajaza guniani ukitumaini yatakaukia humo.

Utajuaje kama yamekauka? Wengi hung'ata punje, na meno ya kila mtu yana hukumu yake. Chumvi inasema kweli zaidi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, ijaze mahindi hadi theluthi, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi uliyoianika juani, funga, tikisa dakika moja, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikishuka yote chini, yaweke ghalani, ikiwezekana kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Kabla ya mashine, mwaga mahindi kwenye ungo na uchambue: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na dumuzi, zilizobadilika rangi. Punje chache mbovu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Kukoboa nako kunapunguza. Ila zile mbovu, pamoja na pumba zake, huwa tunazipeleka wapi? Kwa kuku, kwa mbuzi wa maziwa, au kwenye pombe. Zinaturudia mezani, maziwa ya mnyama aliyezila yana sumu, na hata ya mama anayenyonyesha. Zifukie.

Ukiniuliza ninachokiogopa kuliko vyote, nitakuonyesha kopo la unga wa lishe. Mzazi anachanganya mahindi, karanga, soya, ulezi, kila kitu kwa mapenzi, na karanga zile ni za bei nafuu, zilizosinyaa. Zikishasagwa hazichambuliki tena. Mtoto anapewa uji huo asubuhi na jioni. Nunua karanga nzima, zichambue mwenyewe moja moja, ndipo uende mashineni.

Jikoni

Juni na Julai, kule Nyandira, baridi inaingia hadi kwenye mifupa na jiko la mkaa linaingizwa chumbani kulalia. Mkaa usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea. Wakiumwa wote nyumbani usiku mmoja, bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, usiwaze malaria; waza jiko. Fungua mlango, watoe nje, wapeleke kituo cha afya. Jiko lilale nje.

Dumuni

Lugha imetuponza hapa. Kile tunachopulizia kabichi na nyanya za Mgeta tunakiita dawa, na dumu la dawa likiisha linasuuzwa, linapewa kazi: maji, mafuta ya kula, pombe. Plastiki hunyonya kiuatilifu na kukitoa polepole. Kusuuza hakukitoi chote. Dumu likiisha, lisuuze mara tatu, maji hayo yamimine kwenye bomba la kupulizia yaishie shambani, kisha litoboe ili asitokee wa kulitamani. Usilitupe mtoni. Maji ya milima hii yanakwenda Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam.

Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ya soda.

Aliyeimeza, au aliyelowa nayo, anaweza kutokwa jasho na mate mengi, kutapika, kutetemeka misuli, mboni kuwa ndogo, pumzi kubana. Mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, wewe ukiwa umevaa glavu au mifuko mikononi. Usimtapishe. Maziwa, tunayoyakimbilia sote, hayaondoi sumu hii na yanaweza kumpalia. Mkimbize hospitali, na chupa yenye lebo uibebe, kwa maana jambo la kwanza muuguzi atakalokuuliza ni amekunywa nini.